Vifaranga Wasio na Mama

Historia ya Usambara tuliyosomeshwa darasani ilikuwa historia ya wakubwa. Tulimkariri Mbegha, mwindaji wa nguruwe aliyegeuka mfalme. Tukamkariri Kimweri ye Nyumbai wa Vugha, ambaye mmisionari Krapf alifika kwake mwaka 1848. Wakaja Wajerumani walioipa Lushoto jina la Wilhelmsthal kwa heshima ya Kaisari wao, ikaja na reli kutoka Tanga iliyofika Mombo mwaka 1905. Kuku hakuwamo. Kuku alichinjwa kwa ajili ya wageni wa historia hiyo, lakini yeye mwenyewe hakuandikwa popote.

Naomba basi, ndugu msomaji, nimwingize leo. Tena simwingizi kwa mlango wa kitoweo. Namwingiza kupitia lile sanduku dogo linalokaa juu ya meza, lenye waya unaoingia ukutani na kidirisha cha kuchungulia, ambalo siku hizi huku kwetu milimani linalala chumba kimoja na kijana aliyemaliza shule na kukosa pa kwenda. Wengine wanaliita kiangulio, wengine kiatamio, na wengi mitaani wanasema mashine ya kutotolesha, maneno yakaisha. Mimi nashika kiangulio, kwa sababu sisi tunaojifunza kuandika hatuna budi kukipenda kitenzi hiki. Mtu huangua kicheko, huangua kilio, huangua embe mtini, na kuku huangua vifaranga. Kote humo kuna kitu kilichokuwa kimeshikwa, kikaachiwa.

Ninadai jambo moja tu katika makala hii. Kila aliyejaribu kuangua mayai bila kuku, tangu Misri ya kale hadi Lushoto, alikuwa akijaribu kuinunua kazi ambayo kuku anaifanya bure. Na bei yake imekuwa ileile zama zote: lazima apatikane mtu wa kukesha.

Tuanze na mwenye kazi yake. Kuku wetu wa kienyeji hutaga mayai 10 hadi 15, halafu homa ya kulalia inampanda. Hataki tena jogoo wala maneno ya mtu. Kifua chake hubaki wazi ili ngozi iguse ganda. Hutoka mara moja kwa siku, dakika chache tu, anadonoa, anakunywa, anarudi mbio. Usiku na mchana anayageuza mayai kwa mdomo ili kiinitete kisigande upande mmoja wa ganda. Siku 21 anayashikilia katika joto la nyuzi 37 na nusu hivi, bila kipimo, bila saa. Siku za mwisho anazungumza nayo, nayo yanamjibu, kwa maana kifaranga huanza kulia akiwa bado ndani, kabla hajatoboa tundu.

Kuku huyu ni mgeni kama reli ilivyokuwa mgeni, ila yeye alitangulia sana. Asili yake ni Asia ya kusini-mashariki, na mifupa yake imechimbuliwa katika miji ya kale ya pwani kama Shanga na Unguja Ukuu, iliyokuwa na watu zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Popote alipopelekwa alikwenda na kiangulio chake kifuani. Hakuhitaji fundi.

Kasoro yake ni moja, na ndiyo iliyozaa historia yote inayofuata. Kuku akilalia hatagi. Akishaangua analea wiki nyingi, na hapo pia hatagi. Kwa mwaka mzima atakupa mizunguko mitatu hivi, mayai 40 au 60. Mtu mwenye tamaa, au mwenye mji mkubwa wa kulisha, atauliza: je, huyu mama tungempumzisha kazi ya kulalia, tukaifanya wenyewe, yeye akaendelea kutaga?

Waliouliza mapema na wakapata jibu ni Wamisri. Aristotle wa Ugiriki, katika karne ya 4 kabla ya Kristo, aliandika kwamba kule Misri mayai huanguliwa kwa kufukiwa kwenye samadi. Baadaye wakawa na majengo kabisa: tanuri za matofali ya udongo, korido katikati, vyumba pande zote mbili, mayai maelfu chini na moto wa samadi kavu na makapi chumba cha juu. Hakukuwa na kipimajoto, maana hakikuwa kimebuniwa. Mtunza tanuri alichukua yai akaligusisha kwenye jicho lililofumbwa. Ngozi ya pale ni laini kuliko zote mwilini, ikakwambia kama yai limezidi moto au limepoa. Akiona limezidi anafungua tundu, likipoa anaongeza samadi. Ujuzi huo ulikuwa wa koo fulani, baba kwa mwana, na wenyewe waliishi mlemle ndani pamoja na mayai.

Wazungu waliposafiri Misri walishangaa kuliko walivyoshangazwa na mengine. Mfaransa Réaumur, yule mwanasayansi mwenye kipimajoto chenye jina lake, aliona tanuri zile ni jambo la kujivunia kuliko hata piramidi. Mwaka 1749 akatoa kitabu kizima kuhusu kuangua vifaranga kwa joto la kubuni. Alijaribu mapipa yaliyozungushiwa samadi ya farasi, akajaribu joto la tanuri za mikate. Kwa watu wasio na kipimajoto alishauri watengeneze donge la siagi iliyochanganywa na mafuta ya mnyama ndani ya kichupa, waangalie linavyolainika. Ama kweli elimu ina vichekesho vyake: bingwa wa vipimajoto anawarudisha watu kwenye siagi! Lakini alikuwa ameelewa jambo. Kupata moto si taabu. Taabu ni kuufanya moto usizidi na usipungue, siku 21, huku wewe ni binadamu na usingizi unakuita.

Karne ya 19 ndipo walipobuni vya kukesha badala ya mtu. Mwaka 1881 Mwingereza Charles Hearson alitengeneza sanduku lenye kidonge bapa cha bati chenye majimaji ndani. Joto likifika kiwango, majimaji yanachemka, kidonge kinavimba, kinasukuma fimbo, fimbo inafungua njia ya moto wa taa upite nje. Joto likishuka kinanywea. Hapo, msomaji, ndipo sanduku la mezani lilipozaliwa hasa. Kule Petaluma, California, Lyman Byce alikuwa ameanza na lake mwaka 1879, na mji ule ukaja kujiita kapu la mayai la dunia.

Na kuna tawi la historia hii ambalo nalipita haraka ingawa linastahili riwaya. Daktari wa uzazi wa Paris, Étienne Tarnier, alikwenda kutembea bustani ya wanyama akaona viangulio vya vifaranga. Akamwomba fundi wa pale, Odile Martin, amtengenezee kimoja cha watoto wa watu. Mwaka 1880 kikawekwa kwenye hospitali ya wazazi. Kwa hiyo lile sanduku la kioo ambamo mtoto njiti analazwa, baba yake alikuwa sanduku la kuku.

Sasa angalia kilichompata kuku mwenyewe. Mashine ilipochukua kazi ya kulalia, wafugaji wa Ulaya na Marekani walianza kuchagua kuku wasiolalia. Anayepandwa na homa ya kulalia aliondolewa bandani, asiyepandwa ndiye aliyezalishwa. Vizazi vikapita. Leo kuku wa mayai wa kisasa anataga karibu mayai 300 kwa mwaka na hajui kulalia hata kidogo. Ukimwekea yai analikanyaga au analila. Mashine iliyokuja kumsaidia mama ikamfuta umama. Simlaumu kuku wala simlaumu Hearson, lakini mtu akiniuliza ni nani alianza kumhitaji mwenzake, mashine au kuku, nitamwambia siku hizi kuku ndiye mateka.

Jambo la pili likafuata. Kifaranga, kabla ya kutoka, huvuta kiini cha njano tumboni mwake. Hicho ndicho chakula chake cha siku mbili tatu za mwanzo. Maumbile yalikikusudia kimsubirie mwenzake aliyechelewa kupasua ganda. Wafanyabiashara waliona kingine: kumbe huyu anaweza kusafiri bila kula! Mwaka 1892 Mmarekani mmoja wa New Jersey alituma vifaranga wa siku moja kwa reli, na biashara ikaenea. Tangu hapo kifaranga angeweza kuzaliwa mji mmoja na kufugwa mji mwingine, na kijiji kikaacha kuzalisha chake.

Huku kwetu nako ikawa hivyo. Wakati wa ukoloni waliletwa majogoo wa kigeni, Rhode Island Red na Light Sussex, ili wachanganywe na wa kwetu. Milima hii ilizoea majaribio: Kwai, si mbali na Lushoto, Wajerumani walikuwa na shamba lao la kujaribia mifugo na mbegu za Ulaya tangu mwishoni mwa karne ya 19. Baadaye ukaja wakati wa kuku chotara wa maboksi. Boksi la katoni lenye matundu, vifaranga 100 ndani, linapakiwa basi jijini, linafika Mombo, halafu linapanda zile kona za kilomita 33 hivi hadi Lushoto. Aliyewahi kupanda basi lenye maboksi hayo anajua: kwenye kila kona ya Soni vifaranga wote wanaangukia upande mmoja na kupiga kelele kwa pamoja, abiria wanacheka. Mwenye boksi hacheki. Anahesabu.

Ukishakuwa mtu wa kusubiri boksi, basi maisha yako yako mikononi mwa aliye mbali. Mwaka 2006, homa ya mafua ya ndege ilipotisha dunia, Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kuku na vifaranga kutoka nje. Mwishoni mwa Oktoba 2017, pale Namanga, vifaranga 6,400 waliotoka Kenya waliteketezwa kwa moto na serikali. Sababu iliyotolewa ilikuwa kuzuia ugonjwa, na sheria ilikuwapo. Sitaki kujifanya daktari wa mifugo. Mafua ya ndege si mchezo. Ila picha zile zilisambaa mpaka kijiweni kwetu, watu wakagawanyika, wengine wakitetea mpaka, wengine wakilia na vifaranga. Mzee mmoja akasema neno ambalo halikuwa upande wowote: kwamba enzi zao hakuna kifaranga aliyehitaji kuvuka mpaka, alizaliwa chini ya uvungu.

Hapo ndipo sanduku la mezani linapopata maana yake kwetu. Linarudisha uzazi uvunguni.

Kuna mafundi wanaoliunda kwa mbao laini au kwa friji bovu, balbu mbili tatu, kidhibiti joto cha kununua, feni iliyong'olewa kwenye kompyuta mbovu, na bakuli la maji kwa ajili ya unyevu. Na kuna yale ya plastiki ya kutoka China, ya mayai 24 au 48, yanayogeuza mayai yenyewe. Fundi wa sanduku la mbao atakwambia adui yake mpya ni taa za kubana matumizi. Zile balbu za zamani zilikuwa na hasara ya kutoa joto kuliko mwanga. Kwa kuku hasara ile ndiyo iliyokuwa faida. Zinazidi kuadimika.

Lakini sanduku lililoundwa kwa ajili ya Dar es Salaam, ukilipandisha Lushoto, ni mtu mwingine. Chukua hesabu ndogo. Chumba cha Tanga usiku kina nyuzi 27. Ili yai lipate 37 na nusu, sanduku linatakiwa kuongeza nyuzi 10 na nusu. Chumba cha Lushoto usiku wa Julai, tuseme kina nyuzi 15. Hapo linatakiwa kuongeza 22 na nusu. Ni zaidi ya mara mbili, na joto linalovuja kwenye kuta zake nalo ni zaidi ya mara mbili, na umeme vilevile. Ndiyo maana utayakuta yamevalishwa blanketi, magodoro ya zamani, hata koti la baba, yakiacha matundu ya hewa tu.

Mlima una ujanja mwingine. Wapo wanaohakiki kipimajoto kwa kukitumbukiza kwenye maji yanayochemka, wakiamini hapo ni nyuzi 100. Sisi tuko kama mita 1,400 juu ya bahari, maji yanachemka yakiwa nyuzi 95 hivi. Ukirekebisha kipimo chako kwa maji ya Lushoto umekidanganya. Kipimo cha kuaminika kiko kwenye kabati la dawa: kile cha kupimia homa. Kimetengenezwa kusoma palepale yai linapotaka, kati ya 37 na 39. Nikifikiria Mmisri na jicho lake lililofumbwa, naona hatujaenda mbali. Yeye alilipima yai kwa mwili wake, sisi tunalipima kwa kifaa cha mwili.

Haki ya mlima nayo isemwe. Mayai ya kuangua yanatakiwa yahifadhiwe mahali pa baridi kiasi, ncha nyembamba ikiwa chini, yasizidi siku 7 hadi 10. Watu wa Tanga wanahangaika na joto. Sisi chumba chochote ni stoo. Baridi inayoliadhibu sanduku inalitunza yai kabla halijaingia humo.

Halafu kuna umeme, na hapa historia ya kuku inakutana na ile ya wakubwa. Maji ya milima yetu yanashuka kwa mito ya Mkomazi na Lwengera, yanaingia Pangani. Kwenye Pangani kulijengwa mitambo ya umeme miaka ya 1930, ikafuata Hale mwaka 1964, na mitambo mipya ya Pangani katika miaka ya 1990. Kwa miongo mingi maji yalishuka kutoka Usambara yakawasha taa za wengine, huku vijiji vilivyo kwenye chemchemi vikitumia chemli. Nguzo nyingi za vijijini zimekuja baada ya wakala wa nishati vijijini kuanza kazi mwaka 2007. Na mvua ikikosekana, kama mwaka 2006, taa zinazima nchi nzima. Wazee wa Kishambaa walikuwa na msemo wa kuzifya shi, kuiponya nchi, na kubana shi, kuiharibu. Kazi ya mfalme ilikuwa kuhakikisha mvua. Sijui kama yupo aliyewahi kufikiri kwamba siku moja mvua itakuwa ndani ya yai kwa njia hii.

Umeme ukikatika, mwenye kujua hafungui mlango wa sanduku. Analifunika, anaweka chupa za maji ya moto ndani, anangoja. Kiinitete huvumilia kupoa kwa muda mfupi, maana hata kuku huenda kula. Mayai ya wiki ya tatu yana joto lake yenyewe, yanapeana moto kama watoto kitanda kimoja. Kuzidi joto ndiko kunakoua haraka. Saa chache za nyuzi 40 na kitu zinatosha kumaliza kila kitu. Ndiyo maana kidhibiti kibovu kinaogopwa kuliko umeme wa kukatika.

Kwa hiyo mtu anakesha. Siku ya 7 anawasha tochi gizani, analiweka yai juu ya mwanga: likionyesha mishipa kama mizizi mekundu, liko hai, likiwa jeupe tupu, linatoka. Mayai ya dukani ya kuku wa kisasa yanatoka yote, kwa kuwa hao hawajawahi kuonana na jogoo. Asiye na mashine ya kujigeuza anaandika kwa penseli alama moja upande huu na nyingine upande ule, anageuza mara tatu au tano kwa siku mpaka siku ya 18. Siku hiyo anaacha, anaongeza maji bakulini, anasubiri.

Hakuna bwana shamba aliyeamrisha haya. Nasema hivyo kwa makusudi. Mlalo mwaka 1946 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa kuokoa udongo, watu wakalazimishwa kulima kwa matuta, wakina mama wakiwa na mzigo mkubwa kuliko wote. Watu walikataa, wakaandamana, na mwaka 1957 mpango ukaachwa. Sanduku limepanda mlima bila amri, kwa mdomo wa jirani kwa jirani. Uzuri wake ni huo. Ubaya wake nao ni huohuo: hakuna aliyetuambia kwamba kuangua ni theluthi tu ya safari.

Kwani kifaranga akitoka mashineni anahitaji nyuzi 32 hadi 35 wiki ya kwanza, halafu zipunguzwe polepole. Anahitaji chanjo ya mdondo, ugonjwa unaofagia kijiji kwa siku chache. Kwa kuku wa kuzurura, mara nyingi nusu ya vifaranga au zaidi hawafiki miezi miwili, kati ya mwewe, mdondo na baridi. Sanduku lina uwezo wa kukupa vifaranga 40 kwa siku moja, halafu Juni ikakupokonya 30.

Tena kuna la nani mwenye mali. Kwetu kuku alikuwa mali ya mama. Jogoo mmoja akiuzwa, ni daftari, ni chumvi, ni dawa, na baba hakuuliza. Mashine imeingia kupitia kijana wa kiume mwenye simu na fundi rafiki. Nilivyoona mimi, mayai bado yanatoka kwa mama, ila vifaranga wanatoka kwa mwana. Mahesabu ya hapo kati hayafanywi mezani. Mwenye kutafuta riwaya ya kuandika, aifuate hiyo trei ya mayai inavyotoka jikoni kwenda chumba cha kijana.

Methali inasema mwana wa kuku hafunzwi kuchakura. Nilidhani ni maneno ya kujisifia ukoo tu. Vifaranga wa mashine, ambao hawajamwona kuku yeyote, wanachakura siku ya pili juu ya gazeti, wanachakua herufi! Methali ni kweli. Wasichokuja nacho ni hofu ya mwewe na mahali pa kukimbilia mvua ikianza.

Kwa hiyo baadhi ya wanawake wa huku wamepata njia yao, ambayo haimo kwenye karatasi ya maelekezo inayokuja na mashine. Wanamwacha kuku mmoja wa kienyeji alalie mayai machache siku ileile sanduku linapowashwa. Siku ya 21, usiku, taa imezimwa, wanachukua vifaranga wa mashine mmoja mmoja na kuwasukumia chini ya mbawa zake pamoja na wa kwake. Gizani hahesabu. Asubuhi anatoka nao uani, wote, akiwaita.